Hosti mbili zimekubali swichi iliyosambaa, ya tatu imegoma. Nini hasa?

#1 Mkoani_Kwetu · Jumapili, saa 4:10 usiku

Assalaam aleykum. Niko Chake, Pemba, naangalia seva za ofisi moja ambayo naomba nisiitaje. Tuna hosti tatu za ESXi 7 (seva za VMware, kila moja inaendesha mashine pepe, yaani kompyuta za programu), vCenter moja ya kuzisimamia, na kila hosti ina kadi mbili za mtandao, vmnic0 na vmnic1. Miaka yote tumekwenda na swichi za kawaida za programu ndani ya hosti, kila hosti na yake. Ukitaka kuongeza VLAN moja (kipande cha mtandao kilichotengwa) unaiandika mara tatu, na ukikosea herufi moja ya jina kwenye hosti mojawapo, mashine inakataa kuhamia huko. Nimechoka.

Ijumaa baada ya isha nikaanza kuhamia swichi iliyosambaa, ile moja inayosimamiwa kutoka vCenter kwa hosti zote. Nilikwenda kwa adabu: kwanza vmnic1 inatoka swichi ya zamani inaingia mpya, kisha vmk0, mlango wa mtandao wa kuisimamia hosti, inafuata, kisha mashine pepe, mwisho kabisa vmnic0. Hosti ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu, nikihamisha vmk0 tu inapotea, baada ya muda kidogo inarudi yenyewe ilikotoka na vCenter inaniambia mabadiliko yamerudishwa.

Nikafanya ujinga. Nikachukua lile dirisha la kuhamisha vyote kwa pamoja: kadi mbili, vmk0, mashine zote. Na vCenter yenyewe ilikuwa imekaa hosti hiyohiyo. Kila kitu kikazima. Safari hii haikujirudisha. Nimelala ofisini, mpaka alfajiri ndiyo nimeirudisha swichi ya kawaida kwa kibodi na skrini ya seva.

Sasa hosti tatu ni za aina moja, zimenunuliwa siku moja. Kwa nini hii tu?

#2 FundiTranki · Jumapili, saa 4:31 usiku

Waaleykum salaam. Hata kahawa sijamaliza na jibu ninalo. Poti ya swichi ya chini, ile halisi ya kebo, inayopokea vmnic1 ya hosti 3 haipitishi VLAN ya usimamizi. Kwenye swichi ya kawaida vmnic1 ilikuwa ya akiba, si ndiyo? Basi haijawahi kubeba kitu tangu ifungwe. Umeitegemea mara ya kwanza, ikakuonesha rangi yake. Angalia tranki, yaani poti ya kupitisha VLAN nyingi.

#3 Halwa_ya_Wete · Jumapili, saa 4:40 usiku

Mtu analala ofisini Ijumaa usiku na bado anasema alikwenda kwa adabu 😂

#4 MdauBara · Jumapili, saa 5:02 usiku

Mkuu, swali la kwanza ni leseni. Swichi hiyo haiko kwenye kila leseni. Kama mna Standard mnaitumia kwa majaribio tu, ndiyo maana hosti moja imegoma.

#5 Bi_Sabneti · Jumapili, saa 5:20 usiku

@MdauBara nusu kweli. Ni kweli Standard hainayo, tangu ilipoingia na vSphere 4.0 mwaka 2009 ilihitaji Enterprise Plus. Lakini leseni ikikosekana hosti haiingii kwenye swichi kabisa. Haikubali kisha ikapoteza mtandao nusu njia. Hii ya ndugu yetu imeingia, imehamisha vmk0, ndipo ikakwama.

Mkoani, vmk0 na vCenter ziko VLAN moja?

#6 Mkoani_Kwetu · Jumapili, saa 5:34 usiku

@Bi_Sabneti ndiyo, VLAN 10 zote mbili. Leseni tunayo, Enterprise Plus za zamani, za kununua moja kwa moja.
@FundiTranki vmnic1 ilikuwa ya akiba kweli. Lakini poti 13 na 14 nimeziangalia, zote tranki, 10, 20 na 30 zinapita. Sawasawa na za hosti nyengine.

#7 Bi_Sabneti · Jumapili, saa 5:58 usiku

Basi lile la mara ya pili nakufahamisha sasa hivi, la mara ya kwanza bado.

Kujirudisha kumekuwepo tangu 5.1. Hosti ikihisi haimfikii tena vCenter baada ya mabadiliko, inayafuta. Sasa mara ya pili uliwahamisha wote wawili, vmk0 na vCenter, ndani ya swichi moja, hosti moja, VLAN moja. Mazungumzo yao hayana haja ya kutoka nje kwenye kebo. Walikuwa wanasalimiana chumbani na mlango wa nje umefungwa. Hosti inaona vCenter yupo, kila kitu sawa, irudishe nini? Wewe uliye nje ndiye usiyeona mtu.

Mara ya kwanza vCenter ilikuwa bado kwenye swichi ya zamani nyuma ya vmnic0, na vmk0 imekwenda vmnic1. Ilibidi watoke nje wapitie swichi ya chini kuonana. Hawakuonana. Kwa hivyo tatizo liko nje ya hosti, upande wa vmnic1. Ni lipi, hapo sijui.

#8 Halwa_ya_Wete · Jumapili, saa 6:03 usiku

Walikuwa wanasalimiana chumbani. Mwalimu huyu angenifundisha mie skuli ningekuwa mbali leo.

#9 Kebo_ya_Bahari · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mie nimeshasema kwenye nyuzi nyengine, hii swichi iliyosambaa ni kuweka mayai yote kapu moja. Sisi Wazanzibari tunajua. Kebo ya umeme ya chini ya bahari ilipokufa 2008 Unguja tulikaa miezi mitatu gizani kwa sababu njia ilikuwa moja. vCenter ikifa, mtandao wa hosti zote umekufa. Swichi za kawaida kila mtu na jenereta yake.

#10 Mzee_wa_Baraza · Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Wa 2008 ulikuwa kiasi cha mwezi mmoja. Miezi mitatu ni Disemba 2009 hadi Machi 2010. Nakumbuka kwa sababu mwanangu alizaliwa humo na maji ya kuoga tulikuwa tunayasubiri jenereta ya jirani isukume pampu. Na nyinyi wa Pemba hamkuguswa, mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha mpaka mlipovutiwa waya wa Tanga 2010.

#11 Bi_Sabneti · Jumatatu, saa 2:10 asubuhi

@Kebo_ya_Bahari mfano mzuri, umeuweka pabaya. vCenter haibebi hata pakiti moja. Inaandika mpango, kila hosti inabaki na nakala yake na inapitisha mambo yenyewe. Zima vCenter sasa hivi, mashine zinaendelea kuongea. Utakachokosa ni kubadilisha. Kama ni umeme, vCenter ni ofisi ya kuunganishia wateja wapya. Kebo haimo humo.

#12 Kebo_ya_Bahari · Jumatatu, saa 2:25 asubuhi

Na vCenter yenyewe ikiwa ndiyo mteja mpya? Imezimwa, inawashwa, inataka poti, na wa kumpa poti ni yeye mwenyewe. Hapo?

#13 Bi_Sabneti · Jumatatu, saa 2:31 asubuhi

Hapo umenipata kidogo 😄 Kundi la poti la aina ya kawaida, lile la kufunga poti moja kwa mashine moja, linahitaji vCenter awe hai kuunganisha. Ndiyo maana kwa vCenter unatengeneza kundi la pembeni lenye poti za muda, efemerali. Hilo unaweza kuliunganisha ukiwa umeingia kwenye hosti yenyewe. Mkoani, ulikuwa nalo?

#14 Mkoani_Kwetu · Jumatatu, saa 7:05 mchana

Sikuwa nalo. Ndiyo sababu ya kulala ofisini. Nikifungua ukurasa wa hosti kumpa vCenter mtandao, makundi ya swichi mpya yananikatalia. Ikabidi nitengeneze kundi jipya kwenye swichi ya kawaida niliyorudisha, nimchomeke humo. Saa 10 kasoro usiku hiyo, mlinzi ananiuliza kama nataka daku na wala si Ramadhani.

#15 KijanaProxmox · Jumatatu, saa 7:40 mchana

Kwani mnajitesa nini? Broadcom amenunua VMware Novemba 2023, mwezi uliofuata wameacha kuuza leseni za kudumu, na vSphere 7 usaidizi wake umekwisha tarehe 2 Oktoba 2025. Mtu anahamia swichi mpya kwenye nyumba inayobomolewa. Proxmox, mfumo mwengine wa mashine pepe, ni bure, swichi zake ni madaraja ya Linux, ukitaka makubwa kuna Open vSwitch. Mie nimehamisha skuli moja, hosti mbili, wikiendi moja.

#16 FundiTranki · Jumatatu, saa 8:00 mchana

Kila uzi lazima aje mtu wa Proxmox. Nikiuliza bei ya pweza Darajani utanijibu Proxmox.

#17 MdauBara · Jumatatu, saa 8:12 mchana

Ila wakuu kwenye leseni nina ushahidi wangu, msinidharau. Kuna sehemu nilikuta jamaa wamejenga kila kitu ndani ya zile siku 60 za majaribio, ambazo zinafungua kila kitu, na swichi hii wakaitumia kwa raha. Siku zikaisha. Hosti zikajitoa vCenter. Mashine zilizokuwa zimewaka ziliendelea, ila waliozima moja ili kuongeza kumbukumbu haikuwaka tena. Ilikuwa seva ya mishahara. Sitasema zaidi.

#18 Halwa_ya_Wete · Jumatatu, saa 8:15 mchana

Sema zaidi.

#19 Mchangani_Net · Jumatatu, saa 2:20 usiku

Nimesoma uzi wote. Tranki si tatizo, ameshaangalia (#6). Nina nadharia nyengine.

vmk0 kwa kawaida inatumia MAC (namba ya utambulisho) ya kadi ya kwanza, yaani MAC ya vmnic0, hata ikipitia vmnic1. Sasa swichi ya chini ikiwa na ulinzi wa poti, ule wa kukariri MAC na kuing'ang'ania, basi MAC hiyo imekaririwa poti 13 miaka yote. Siku inapotokeza poti 14, swichi inasema huyu ni mwizi kavaa nguo za mtu, inafunga. Ukirudi 13 kila kitu kinakwenda. Mie limenitokea hoteli moja ya shamba huku Unguja, nilimaliza siku mbili nikilaumu VMware na mwenye kosa ni mstari mmoja kwenye swichi ya chini.

Kwenye hosti 1 na 2 huenda aliyefunga hakuuweka huo ulinzi. Muulize.

#20 Mkoani_Kwetu · Jumatatu, saa 2:45 usiku

Aliyefunga yuko Oman sasa. Simu ya huku haipatikani na ya huko sina. Nywila niliyonayo ni ya kusoma tu, naona VLAN na tranki, ulinzi wa poti sioni.

#21 FundiTranki · Jumatatu, saa 3:00 usiku

@Mchangani_Net inaingia akilini lakini poti ikifungwa kwa ulinzi mara nyingi inazimwa kabisa, taa inakufa, hosti itasema kadi haina kiungo. Mkoani, vmnic1 ilionekana imekatika?

#22 Mchangani_Net · Jumatatu, saa 3:04 usiku

Si lazima. Kuna namna ya kutupa pakiti tu bila kuzima poti.

#23 Mkoani_Kwetu · Jumatatu, saa 3:20 usiku

Kiungo kilikuwa juu muda wote, giga 1. Na nimeona jengine nikalishangaa. Swichi ya kawaida ya hosti 3 imewekwa kugawa mzigo kwa hashi ya IP, yaani kadi inachaguliwa kwa hesabu ya anwani mbili zinazoongea. Hosti 1 na 2 zilikuwa za kawaida, kwa poti ya asili, kila mashine inashika kadi moja. Yaani nilivyosema vmnic1 ni ya akiba, kwa hosti 3 si kweli, zote mbili zilikuwa kazini. Samahanini.

#24 Bi_Sabneti · Jumatatu, saa 3:26 usiku

Loo! Hilo ulilificha wapi?

Hashi ya IP inadai poti 13 na 14 zifungwe pamoja kule chini kama EtherChannel, tena ya mkono, kwa sababu swichi ya kawaida haijui LACP, lugha ya pande mbili kukubaliana fungu zenyewe. LACP ni ya swichi iliyosambaa. Sasa wewe umeitoa vmnic1 peke yake ukaipeleka swichi nyengine, kule chini poti mbili bado ni fungu moja. Majibu ya vmk0 swichi ya chini inayapeleka popote penye fungu, 13 au 14, na yakifika 13 yanaingia swichi ya zamani ambako vmk0 haipo tena. Ndiyo tatizo lako.

#25 FundiTranki · Jumatatu, saa 3:41 usiku

Na #2 yangu inakufa hivyo hivyo? Pole kwangu. Ila mwalimu, ikiwa ni fungu, basi baadhi ya anwani zingefika na baadhi zisifike. Nusu kwa nusu. Yeye anasema hakuna kitu kabisa.

#26 Bi_Sabneti · Jumatatu, saa 3:44 usiku

vCenter ni anwani moja na hosti ni anwani moja. Kwa jozi hiyo hashi inachagua njia ileile kila mara. Ikichagua mbaya, ni mbaya daima.

#27 FundiTranki · Jumatatu, saa 3:50 usiku

Sawa kwa mara ya kwanza. Mara ya pili kadi zote mbili zilikuwa swichi mpya! Fungu zima limehamia pamoja. Popote jibu lilipoangukia lingeingia swichi ileile. Mbona nako kulikuwa kimya?

#28 Bi_Sabneti · Jumatatu, saa 4:15 usiku

Swali zuri. Chini ni fungu na juu ni poti ya asili, hilo lenyewe halitakiwi. MAC zinaruka, fremu nyengine zinatupwa. Lakini kimya kabisa... nakubali hakujajibika.

#29 Mchangani_Net · Jumatatu, saa 4:18 usiku

*anatazama #19 kwa upole*

#30 Mzee_wa_Baraza · Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Vijana, nyote mnaongea programu. Nimefunga kebo mjini na shamba kabla hamjajua VLAN. Hewa ya bahari inakula vichwa vya kebo. Kuna ofisi moja karibu na gati, nilitoa kichwa kimoja kikaonekana kijani kama jongoo wa msikitini. Taa inawaka, giga 1 inasoma, pakiti ndogo zinapita, kubwa zinakufa. Mkachukua wiki mnabadilisha MTU, kipimo cha pakiti kubwa kabisa. Kaangalie kwa macho.

#31 KijanaProxmox · Jumanne, saa 2:00 asubuhi

Jongoo wa msikitini ni kijani?

#32 Mzee_wa_Baraza · Jumanne, saa 2:09 asubuhi

Wa kwetu Mkunazini alikuwa kijani.

#33 MdauBara · Jumanne, saa 2:30 asubuhi

MTU nayo isisahaulike wakuu. Swichi iliyosambaa MTU yake ni moja kwa swichi nzima. Kama swichi ya kawaida ilikuwa 9000 na mpya imebaki 1500, hifadhi ya data inalia. `vmkping -d -s 8972` itawaambia.

#34 Bi_Sabneti · Jumanne, saa 2:44 asubuhi

Kwa hifadhi ya data, sawa. Kwa salamu ya usimamizi, hapana, zile pakiti ni ndogo na vmk0 mwenyewe ni 1500. Mkoani, fanya jambo moja lisilo na hatari: peleka vmnic1 tu swichi mpya, vmk0 iache ilipo. Washa LLDP, matangazo ya vifaa kujitambulisha kwa jirani, ya kusikiliza na kutangaza. Swichi ya kawaida inajua CDP peke yake, matangazo kama hayo ya Cisco, ndiyo maana huoni jina la jirani kama kule chini si Cisco. Ikishakuwa kwenye iliyosambaa, LLDP itakwambia imechomekwa swichi gani, poti gani. Lakini ikiwa ni fungu kweli, lifanye baada ya kazi, maana hata kuitoa tu kuna mashine zitayumba.

#35 Halwa_ya_Wete · Jumanne, saa 2:50 asubuhi

Jamani na Kiswahili cha swichi hii ni nini? "Iliyosambaa" kama uvumi. Mie napendekeza swichi tandazi. Inatandazwa kama dagaa.

#36 MdauBara · Jumanne, saa 3:02 asubuhi

Sisi huku tunasema tu "ile dizi".

#37 Kebo_ya_Bahari · Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Nyinyi huko na tungule mnaita nyanya.

#38 Mkoani_Kwetu · Jumatano, saa 3:30 usiku

Nimefanya kama alivyosema mwalimu #34, kila mtu alikuwa ameshaondoka. Hosti 1 na 2 zimeonesha jirani vizuri, jina la swichi, namba ya poti, kama nilivyoandika kwenye daftari. Hosti 3 vmnic1: hakuna. Nimesubiri dakika kumi. Kiungo kipo juu, giga 1, jirani hakuna.

Na mashine hata moja haikuyumba.

#39 Bi_Sabneti · Jumatano, saa 3:36 usiku

Hazikuyumba? Basi si fungu. Au fungu limeandikwa juu tu na chini halipo. Naondoa nusu ya #24.

#40 Mchangani_Net · Jumatano, saa 3:40 usiku

Poti yenye ulinzi mkali inaweza pia kuwa imezimiwa LLDP. Mtu aliyekuwa mwangalifu kwenye moja huwa mwangalifu kwenye yote.

#41 FundiTranki · Jumatano, saa 3:42 usiku

Kwa poti moja tu kati ya sita? Huyo si mwangalifu, huyo ana visa na hosti 3.

#42 Mzee_wa_Baraza · Jumatano, saa 3:55 usiku

Macho. Nenda na macho.

#43 Mkoani_Kwetu · Alkhamisi, saa 11:20 jioni

Niko mbele ya kabati sasa hivi. Vichwa visafi mzee, si kijani. Kebo ina karatasi imeandikwa "H3-1" kwa kalamu, imeingia poti 14. vmnic1 hakuna inachobeba, nimeirudisha swichi ya zamani na kuizima kwanza. Naichomoa hii ya 14 nione.

#44 Halwa_ya_Wete · Alkhamisi, saa 11:24 jioni

Enhe?

#45 Mkoani_Kwetu · Alkhamisi, saa 11:31 jioni

Taa ya poti 14 imezimika. Nyuma ya hosti 3 taa zote mbili zinawaka.

#46 FundiTranki · Alkhamisi, saa 11:32 jioni

Rudia hapo.

#47 Mkoani_Kwetu · Alkhamisi, saa 11:34 jioni

Zote mbili zinawaka. Kebo ya 14 haiji kwenye hosti 3. Na iliyomo kwenye vmnic1 ni ya rangi ileile ya buluu, haina karatasi, haiendi kwenye swichi hii. Inapanda ukutani.

#48 Mchangani_Net · Alkhamisi, saa 11:35 jioni

Inapanda kwenda wapi? Na ya 14 basi ilikuwa ya nani?

#49 Mkoani_Kwetu · Alkhamisi, saa 11:41 jioni

Ya 14 nimeirudisha haraka, kuna mtu chumba cha uhasibu amepiga kelele. Hii nyengine imeingia juu ya dari. Mlinzi amekwenda kutafuta ngazi.